Kiherehere Anangoja Maji Machafu

Kitu cha kwanza nilichokigundua kwake ni kwamba alikula huku akitembea. Bakuli lilikuwa mkono wa kushoto, kijiko mkono wa kulia, na gambuti zake zilipiga chwaka chwaka kwenye saruji yenye maji. Alizunguka kutoka bwawa moja hadi jingine akitafuna. Akifika kwenye kona alikiuma kijiko kwa meno, akainama, akavuta utepe wa mwani majini, akauminya kwa vidole kama mtu anayechagua kitambaa dukani, akaunusa na kuurudisha. Kisha akaendelea kula. Mimi nilikuwa nimeripoti kazini asubuhi hiyohiyo kama mpimaji wa maji, shati limepigwa pasi, begi jipya mgongoni, nikadhani nimefika siku yenye dharura.

"Kuna tatizo?" nilimuuliza mwanamke mwingine aliyeketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akila kwa raha zake.

"Tatizo ndilo hilo linalozunguka," alijibu. "Huyo ni wifi yangu. Kaka yangu alimwoa akijua, kwa hiyo hatuna pa kulalamikia."

"Nakusikia!" sauti ilitoka upande wa pili wa bwawa.

"Ndiyo maana nasema kwa sauti."

Pale kiwandani wote humwita Kiherehere. Jina hilo alipewa na wapasua samaki, naye amelizoea kiasi kwamba ukimwita kwa jina lake la kuzaliwa, hugeuka kutazama ni nani anayeitwa. Yule wifi yake sisi wengine tunamwita Wifi tu, hata mimi ambaye si ndugu yao.

Kazi yao inahitaji maelezo kidogo. Kiwanda hupasua samaki na kuwatoa minofu. Maji yanayooshea meza na sakafu hutoka mekundu, yamebeba damu, magamba, mafuta na shombo isiyotoka nguoni hata ufue vipi. Zamani yalikwenda moja kwa moja mtaroni na kumwagikia baharini, pale watoto wanapoogelea. Siku hizi hupita kwanza kwenye chujio, kisha kwenye tangi la kutuamia, ambamo mafuta huelea na tope huzama. Halafu huchanganywa na maji ya bahari na kuingia kwenye mabwawa marefu ya saruji yaliyopangwa kwa mteremko, moja likimwagia jingine. Ndani ya mabwawa hayo umepandwa mwani, na pampu za hewa huugeuzageuza mchana kutwa. Mwani hauna mizizi ya kutafuta chakula ardhini. Hunywa kwa mwili mzima. Uchafu ulioyeyuka ndio mlo wake. Maji huingia juu yakinuka, hutoka chini yakiwa hayana rangi wala harufu, na mwani hunenepa. Ukishanenepa huvunwa na kusagwa, uji wake humiminwa kwenye kalibu na kuanikwa juani, na vinapatikana vikopo vya kuoteshea miche. Mkulima hupanda mche pamoja na kikopo chake, nacho huyeyuka udongoni na kuulisha.

Kiherehere hakuanzia kwenye mwani. Alianzia kwenye ufagio. Alikuwa akisukuma maji ya damu kuelekea kwenye shimo la mtaro, na kwa sababu hakuweza kusimama mahali pamoja, alifagia hata sehemu zisizomhusu. Mabwawa yalipojengwa, mtaalamu aliyeletwa kuyaanzisha alijaza mwani kutoka baharini, na karibu wote ukaoza ndani ya maji machafu ukawa kama kamasi. Mtaalamu alikwenda kutafuta mbegu nyingine. Kiherehere, aliyetumwa kuzoa uozo ule kwa reki, aliona fungu moja limeng'ang'ania chini ya mdomo wa bomba, mahali penye uchafu mkali kuliko kwingine kote, nalo ni la rangi nzito kama divai. Hakulizoa. Alilikata vipande, akavifunga kwenye kamba, na vipande vikaota. Mwani wote uliojaza mabwawa tangu wakati huo ni watoto wa fungu lile. Lenyewe lilibaki kwenye bwawa la mwisho, wakaliita Mama.

"Mama ameamka vipi?" ndiyo salamu yake ya asubuhi kwa wifi yake, na mimi nilihitaji muda kuelewa kwamba hakuna mzee yeyote anayeuguzwa nyumbani.

Mambo yalianza kuharibika siku meneja wa kiwanda alipokuja mabwawani na habari mbili kwa mpigo. Ya kwanza, wageni watakuja kutazama mabwawa. Ya pili, baada ya wageni kuondoka, kiwanda kitafungwa siku chache ili kubadilisha mashine ya kupasulia.

Kiherehere aliisikia ya kwanza tu.

Alisugua kuta. Alilitoa maji tangi la kutuamia na kulisugua nalo mpaka likang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Kisha akafunga koki ya kutokea, akaunganisha pampu, akayarudisha maji ya bwawa la chini kwenye bwawa la juu, yapite tena kwenye mwani. Yakapita. Akayarudisha tena. Nilipima kila mzunguko kwa vijiti vyangu vya karatasi, na kila mara rangi ya kijiti ilififia zaidi. Tulishangilia kama watu wanaotazama mpira. Wageni walipofika, mmoja aliangusha kalamu kwenye bwawa la chini, na sote tukayasoma maandishi yake ikiwa imelala sakafuni.

"Jamani, haya hata kunywa ningekunywa!" akasema mgeni.

"Kunywa nje ya geti," Wifi akamwambia. "Ukianguka hapa tutaandikiwa barua ya onyo sisi."

Kiherehere alicheka mpaka akajishika kiuno. Sijawahi kumwona mtu amefurahi vile kwa ajili ya maji.

Kiwanda kikafungwa. Siku chache zikapita, zikapita na nyingine. Kifaa fulani cha mashine mpya kilifika kikiwa si chenyewe, kikarudishwa kilikotoka. Bomba la juu likakauka. Pampu ya bahari iliendelea kuleta maji, lakini maji ya bahari ni safi mno. Ndani yake chakula ni cha kuonja. Asubuhi moja nilimkuta Kiherehere ameinama juu ya bwawa la kwanza, na kwa mara ya kwanza hakuwa akienda popote.

"Umepauka," akasema.

Ncha za mwani zilikuwa na rangi ya chai iliyotiwa maziwa mengi. Akauminya utepe mmoja, ukakatika.

"Mwani una njaa," nikasema.

"Najua una njaa, mwanangu. Na najua nani amekula chakula chake." Akanyoosha mkono kulielekea lile tangi la kutuamia, tupu, linang'aa. "Tangi zima la uchafu. Lingetutosha mpaka leo na kubaki. Mimi nikalimwaga mabwawani, nikausafisha uchafu wote, na nilipomaliza nikauzungusha tena. Kwa ajili gani? Kalamu ya mtu!"

Wifi, ambaye kwa kawaida asingeachia nafasi kama hiyo, aliinama akaokota utepe uliokatika na kuurudisha majini.

Tangu hapo Kiherehere hakutulia kabisa. Kila njia iliyofikirika ilijaribiwa. Wifi alishauri Mama apelekwe baharini kwa muda. Akakumbushwa kwamba mwaka uliopita walijaribu hivyo na fungu zuri, samaki wakalila lote na kuacha kamba tupu. Nilishauri mbolea ya dukani. Tuliijaribu kwenye beseni, na utelezi wa kijani ukaota haraka kuliko mwani wenyewe, ukaufunika, tukashinda mchana tukiuosha utepe kwa utepe. Kuchukua mbegu mpya baharini kulikuwa kurudi kwenye uozo wa mwanzo. Kilichobaki ni kutafuta uchafu wenyewe, uchafu wa samaki, mahali ulipo.

Tulikwenda soko la samaki na mkokoteni wa madumu.

"Haya tena," alisema muuza samaki mmoja, kisu mkononi, akiwaita wenzake. "Njooni mwone. Mtu anaomba maji niliyooshea matumbo."

"Yapo ya jana?" Kiherehere akamuuliza.

"Ya jana yananuka, dada."

"Ndiyo ninayoyataka."

"Mwenzangu, kama mume amekuudhi, kuna njia nyingine za kumfukuza nyumbani."

Soko zima liliangua kicheko, na kicheko kile kilitusaidia, kwa sababu kila meza ilitaka kuwa na mchango katika kituko hicho. Walitujazia madumu. Kazi yangu ilikuwa kuchovya kijiti katika kila dumu kabla halijapakiwa, kwani baadhi ya wauzaji huosha meza kwa dawa ya klorini, na dawa hiyo ingemuua Mama kabla ya njaa. Nikisema hapana, Kiherehere alilimwaga dumu papo hapo bila kuuliza, uso umekunjamana kama mtu anayemwaga maziwa. Tuliyarudisha yale mazuri, tukayachuja kwa kitambaa, tukayachanganya na maji ya bahari na kuyagawa. Hata hivyo mabwawa ni makubwa. Madumu yetu ndani yake yalikuwa tone baharini.

Siku moja nilimsindikiza nyumbani kuchukua madumu zaidi. Mumewe ni fundi cherehani, na chumba cha mbele ndicho karakana yake: vitambaa vimekunjwa mpaka karibu na dari, futi ya kupimia shingoni, mguu juu ya kanyagio. Yeye ni mtu wa polepole, wa kuchagua neno kama anavyochagua uzi.

"Karibu, mwanangu," akaniambia. "Unaisikia nyumba yangu? Hainuki. Miaka yote wateja wamekuwa wakiyanusa mashati yao wakidhani mimi ndiye mvuvi. Sasa hakuna shombo, wateja wameongezeka, majirani wanaingia bila kubana pua. Nyumba nzima imefurahi. Mke wangu peke yake ndiye aliyefiwa."

"Hakuna aliyekufa," mkewe akasema kutoka uani, madumu yakigongana.

"Bado, basi."

"Usiniambie bado!"

Fundi akaacha kushona. Nilidhani watagombana. Badala yake akauliza, kwa upole, fungu lenyewe ukubwa wake ni kiasi gani, na kama vipande hukatika na kupotea. Mkewe akasimama mlangoni, akaonyesha kwa mikono. Vipande vinakatika, ndiyo, na vikikatika vinasombwa na maji. Fundi alitoa kipande cha pazia la wavu kilichosalia kwenye kazi ya mtu, akakikata, akakishona mfuko wenye mdomo wa kufunga kwa kamba, mishono miwili miwili. Mkewe alimsimamia muda wote, akimhimiza.

"Haraka basi, baba."

"Ukitaka haraka, mfunge kwenye mfuko wa plastiki."

Mama akaingia kwenye mfuko wa pazia.

Nadhani ni mfuko ule uliompa Kiherehere wazo, ingawa hakulisema papo hapo. Kesho yake meneja alishuka mabwawani akiwa na mtu aliyevaa viatu visivyotaka kulowa. Mtu huyo alikuwa muuza dawa za kusafishia maji. Alieleza kwamba mapipa yake yanahitaji kibanda kidogo tu. Mabwawa yote yangeweza kujazwa kifusi na kuwa maegesho ya malori. Meneja alimsikiliza akitazama mwani uliopauka.

"Mimi sina ugomvi na mwani," meneja alituambia, yule mgeni alipokwenda kupima eneo. "Lakini siku mashine zikiwaka, mkaguzi wa maji atakuja kuchukua maji yanayotoka. Yakiwa machafu ananifungia kiwanda. Kama huu umekufa, tuambiane mapema, mama."

"Haujakufa."

"Unaonekana umekufa."

"Hata wewe ukinyimwa chakula muda wote huu utaonekana hivyo, bosi. Usingekuwa na rangi hiyo."

Meneja alijikuna shingo. Alisema atampa nafasi ya kuthibitisha: maji yatakapoanza kutoka, mkaguzi atapima kwanza maji ya mabwawa. Yakifaulu, mwani utaendelea. Yasipofaulu, mapipa yaje, na Kiherehere, Wifi na wanawake wa kwenye kalibu watafutiwe kazi kwingine, kama ipo. Alilisema hilo la mwisho akiwa ameshageuka.

Hakuwa amefika getini, Kiherehere akasema, "Tuvune."

"Tuvune nini?" Wifi akauliza.

"Wote. Mabwawa yote. Tumbakize Mama peke yake."

"Wewe! Mkaguzi anakuja kupima mabwawa, wewe unayafanya matupu?"

"Chakula tunacholeta hakitoshi kulisha ukoo. Kinatosha kumlisha mmoja. Tukigawa, wote wanakufa polepole na Mama akiwemo. Hawa waliopauka bado wanafaa kwa vikopo. Kesho kutwa watakuwa kamasi."

"Na Mama naye akikata roho ndani ya pazia lake? Tutaanza na nini?"

"Hatutaanza."

"Unalisema hivyohivyo tu, kama unasema leo jua kali!"

"Nilisemeje, wifi? Nilie? Nikimaliza kulia tutavuna, au tuvune kwanza?"

Walitazamana. Mimi nilitazama vijiti vyangu. Hesabu yangu ilikubaliana naye kuhusu chakula, na ilikubaliana na Wifi kuhusu hatari, kwa hiyo haikumsaidia yeyote. Mwisho Wifi alishuka ndani ya bwawa la kwanza na reki, gambuti na yote, akitukana chinichini. Tulivuna mpaka jua likashuka. Mabwawa yaliyobaki nyuma yetu yalikuwa maji matupu yanayochemka kwa hewa ya pampu bila kitu ndani, na sauti ya pampu ilisikika tofauti, kali zaidi.

Kisha Kiherehere akampandia meneja ofisini, kwa gambuti zilezile, akaacha nyayo za maji kwenye zulia. Nilikuwa nyuma yake na karatasi za vipimo. Alichoomba kilikuwa kimoja: mashine zisiwashwe zote kwa pamoja. Meza moja ya kupasulia ianze kwanza, kwa maji kidogo, Mama ale, anenepe, akatwe, vipande vijaze bwawa la kwanza. Ndipo iongezwe meza ya pili na bwawa la pili, na kuendelea. Mwani huu ukishiba hukua kwa kasi ya ajabu, nami nilionyesha mchoro wa ukuaji wake wa miezi iliyopita.

"Mnataka kiwanda kizima kitembee kwa mwendo wa majani," meneja akasema.

"Mashine yenyewe ni mpya," Kiherehere akajibu. "Fundi wako ataiwasha kwa kishindo siku ya kwanza, au ataionja kwanza?"

Meneja alimwita fundi mitambo. Fundi mitambo alisema ataionja kwanza. Meza moja, alisema, huenda mbili, mpaka asikie mashine inalia vizuri. Kiherehere alikuwa ameshatoka kabla sentensi haijaisha.

Siku zilizofuata zilikuwa za soko, madumu, kitambaa, mfuko wa pazia. Mama hakunenepa. Hakufa pia. Kila asubuhi Kiherehere alifungua kamba, akaminya utepe mmoja, na utepe ukarudi umbo lake polepole badala ya kukatika. "Bado ana uti wa mgongo," alikuwa akisema, ingawa mwani hauna mgongo. Alishika ufagio akauacha, alishika reki akaiacha. Alibadilisha mahali pa mfuko: juu kidogo apate jua, chini kidogo asiungue. Wifi alimtishia kumfunga na yeye kwenye wavu.

Leo asubuhi mashine imewaka.

Tuliisikia kabla ya kuambiwa. Ukuta ulitetemeka, kisha ukaguruma kwa sauti moja. Kiherehere amehamishia mfuko kwenye bwawa la kwanza, chini kabisa ya mdomo wa bomba, pale fungu lile lilipong'ang'ania zamani. Ameifungua koki nusu, akaifunga robo, akaifungua tena. Mkaguzi ametuma ujumbe kwamba atakuja wiki hii, siku hakutaja. Wanawake wa kwenye kalibu wameacha uji wao wa mwani na kuja kusimama ukingoni na mikono inayodondoka. Hata fundi cherehani amefunga duka. Yupo karibu na geti, futi bado ipo shingoni, anajifanya anapita tu.

"Kaka, wewe nawe umefuata nini?" Wifi anamuuliza.

"Nimekuja kuuangalia mshono wangu."

Fundi mitambo amepiga kelele kutoka juu kwamba samaki wa kwanza wako mezani na maji ya kuoshea yamefunguliwa. Yapite chujio, yajaze tangi la kutuamia, yafikie kimo cha bomba, ndipo yashuke. Nina kijiti kikavu kati ya vidole. Kiherehere amepiga magoti kwenye saruji, shavu lake karibu liguse bomba.

"Kimya!" anasema. "Kimya, jamani."

Bomba linakohoa. Inatoka hewa, inatoka tena, na pamoja nayo, kidogo sana, shombo.

"Yanakuja?" Wifi ananong'ona.

Kiherehere anainua mkono mmoja kutunyamazisha, na wa pili anauingiza majini, anaushika mdomo wa mfuko wazi.